Kikombe Kilichojazwa hadi Ukingoni

Hadithi hii imepita katika mikono mingi. Ikikufikia, usiipitishe kabla haijapita moyoni mwako.

Katika mji mmoja wa Uchina aliishi Bi Suyun, mjane aliyerithi nyumba ya chai kwa mama yake. Kila alfajiri ukungu ulipanda kutoka mtoni, na ulipotoweka, ilikuwa kana kwamba umeacha duka jipya la chai mahali palipokuwa na mpunga jana. Maduka hayo yaling'aa kama vito. Chai iliyouzwa humo ilikuwa ya maziwa na barafu, ikinyonywa kwa mrija huku mnunuzi akienda zake.

Suyun hakuyachukia yote. Alilichukia moja tu, lililokuwa ng'ambo ya barabara, kwa kuwa lilikuwa la Peizhen, mdogo wake wa tumbo moja.

"Amenipokonya mkate kinywani," alimwambia Mzee Guo, mteja wake.

"Mkate gani, Bi Suyun? Mimi hapa naona chai tupu."

"Cheka, mzee. Bwana Mungu hakuniacha. Ukumbi huu ulikuwa jangwa; leo umejaa wazee. Nani aliyewaleta kama si Yeye?"

Mzee Guo akafungua kinywa, kisha akakifumba.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, Peizhen alivuka kama atembeaye juu ya wingu. Akaingia, akaketi.

"Dada, leo ndiyo siku tuliyomzika mama. Nimekuja kunywa chai yake."

Sasa, katika mji ule mgeni hamiminiwi chai ikafika ukingoni. Huachwa nafasi, ili kikombe kishikike na mazungumzo yakae. Kumjazia pomoni ni kumwambia pasipo maneno: inuka, uondoke.

Suyun akainua birika, akamimina. Akazidi kumimina, hata chai ikavimba ukingoni kama jicho lililojaa machozi. Wazee ukumbini wakageuka kutazama.

Peizhen hakuinuka. Alikishika kikombe kwa vidole vitupu, nacho kikamchoma. Akanywa funda moja, akanywa la pili, kisha akakirudisha mezani, chai ikiwa imeshuka hadi kipimo cha mgeni apendwaye.

"Sasa nafasi ipo, dada. Tuzungumze."

Mzee Guo ndiye aliyenena.

"Kunyamaza kumenishinda! Bi Suyun, mimi nilianzia kwake. Duka lake halina hata kigoda. Akaniambia, 'Babu, miguu yako imechoka. Vuka, ukakae kwa dada yangu. Hakuna aijuaye chai kama yeye.' Waulize na hawa."

"Hata mimi," akasema mmoja. "Nami pia," akasema mwingine.

"Mbona mlinificha?"

"Alituomba. Alisema ukijua, utatufukuza."

"Angewafukuza," akasema Peizhen, akipuliza vidole. "Namjua huyu."

Ndipo Suyun alipouona uovu wake kama mtu aonavyo mlima ukungu unapoinuka: kila jioni alipiga magoti kushukuru kwa wageni wale, na kwa ulimi uleule akamlaani aliyewatuma. Akavitwaa vidole vilivyoungua, akavitia katika maji baridi, akalia. Kisha akammiminia mdogo wake upya, akaacha nafasi.

Funzo: Usimshukuru Mungu kwa baraka huku ukiulaani mkono alioutumia kuileta, na ukijaziwa kikombe cha hasira, kipunguze kwa upendo, ili upatanisho upate mahali pa kukaa.