Pazia Lililofungwa Mchana

Bwana asifiwe, wapendwa. Nimeonywa nisizidishe, maana chai iko jikoni na mchungaji ana safari. Sitazidisha. Nina mfano mmoja tu, wa mama mmoja wa kule juu kwenye milima ya baridi, ambako mwezi wa saba mtu anaogopa hata kunawa uso. Msiniulize jina lake. Nikilitaja mtaacha kusikiliza, mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani na aliolewa na nani, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwajibu.

Basi mama huyo alikuwa mkulima mwenye mkono wa baraka. Fimbo akiichomeka ardhini inachipua. Wanawake wa kikundi chake, arobaini kwa idadi, wakamwamini wakamkabidhi miche yao ya parachichi, iliyokwisha kubebeshwa, yaani kuunganishwa kikonyo cha mti bora, na kushika, kila mmoja na miche yake kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya udongo. Mvua zikianza, kila mwanamke achukue yake akapande shambani kwake.

Lakini kabla ya mvua kuna mwezi wa sita na wa saba, na kule juu kuna sakitu. Sakitu ni ile barafu nyembamba inayoshuka alfajiri, ukitoka nje unakuta nyasi nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi. Mche mchanga ukipigwa na sakitu, ncha yake inakuwa nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwashwa. Na ukifa, hupandi mwingine kesho. Unarudi kwenye mbegu, unasubiri iote, unabebesha upya, na mwaka umeshakwenda. Kwa hiyo wanawake arobaini walikuwa wameuweka mwaka wao mzima mikononi mwa mama mmoja. Mnanielewa? Mwaka mzima.

Wakajenga kitalu nyumba, ile nyumba ya plastiki inayopitisha jua, kwenye kiwanja cha mama huyo, chini kidogo ya njia iendayo mashine ya kusaga. Ndani yake, chini ya paa, fundi akaweka pazia. Si pazia la maua kama la kwako, Mama Atupele. Hili lilikuwa la kitambaa kinachong'aa, limelala juu ya miche yote kama dari. Likifunguliwa, jua linaingia. Likifungwa, joto lililoingia halipandi kwenye paa likapotea. Wala halikuvutwa kwa mkono. Lilikuwa na mota ya umeme, na mota imeshikana na giaboksi. Mota ina mbio, inazunguka kama mtu aliyesikia pilau imeiva. Giaboksi inaishika shati na kuiambia, polepole wewe, utachana kitambaa. Basi pazia linatambaa taratibu, na likifika linakaa. Hata upepo ulivute, halirudi nyuma.

Fundi akamwambia, "Mama, kazi yako ni kidole kimoja. Asubuhi jua likishapiga paa, bonyeza kitufe cha kijani, fungua. Saa kumi jioni, jua likiwa bado lipo, bonyeza chekundu, funga. Na haya mapipa meusi ya maji usiyasogeze. Mchana yanakunywa joto, usiku yanalitoa kidogokidogo."

"Nimesikia, baba."

"Umesikia, au unaitikia?"

"Fundi, nimelea watoto saba, sasa nitashindwa na swichi?"

Na kweli hakushindwa. Wiki mbili mambo yakaenda vizuri mpaka raha. Sakitu ilishuka nje ikaua viazi vya watu, lakini ndani ya kitalu miche ikawa inatoa majani mapya, laini, yenye rangi ile ya shaba. Mama anaamka, anabonyeza kijani. Jioni anabonyeza chekundu. Akawa anabonyeza kwa madaha, kidole kimoja juu, kama bibi harusi anayeonyesha pete.

Sasa wanawake waendao mashineni, debe la mahindi kichwani, wakifika juu ya kitalu wanasimama. Kule ni mteremko, kwa hiyo ukisimama njiani unatazama chini, unaona mpaka ndani kupitia paa.

"Hee! Tazameni ilivyonona!"

"Kama imepakwa mafuta."

"Itatuzidi sisi kwa unene, shoga!"

Wanacheka, wanakwenda zao. Kesho tena, kesho kutwa tena. Na yule mama huko chini anasikia kila neno.

Sasa mnazijua desturi zetu. Kuku anayeatamia hafunuliwi mgeni. Mtoto mchanga hasifiwi unono mbele ya watu, na mtu akiteleza akamsifu, mama anavuta shuka haraka anasema, "Ah, huyu? Huyu ni wa kuumwaumwa tu." Na mtoto mwenyewe ana mashavu kama maandazi! Mnacheka. Nani hapa hajawahi kusema hivyo? Anyanyue mkono tumwombee, maana anaongopa kanisani.

Basi mama akaingiwa na hofu ya kijicho. Akasema, hii miche ikiendelea kutazamwa hivi, itakauka. Siku hiyo saa tatu asubuhi, jua zuri kabisa, wanawake wamesimama njiani wanasifu, akaenda akabonyeza chekundu.

Lakini nimewaambia giaboksi haijui haraka. Pazia likaanza kutambaa. Dakika ya kwanza. Dakika ya pili. Mama anabonyeza tena na tena, kama mtu anayemharakisha mgeni aondoke, na giaboksi inakwenda kwa mwendo wake uleule. Dakika ya tatu. Wanawake wako juu, yeye yuko chini, wanatazamana kwenye upenyo unaozidi kuwa mwembamba.

Mmoja akaita kutoka juu, "Dada! Unatufungia dirisha?"

"Hapana, mdogo wangu! Nazuia vumbi!"

Vumbi. Juu ya paa la plastiki. Wapendwa, uongo mwingine hutoka mdomoni mbio hata viatu haujavaa.

Tangu siku hiyo hakufungua tena. Mchana pazia limefungwa, usiku limefungwa. Naye akajipongeza, akasema, sasa niko salama pande zote mbili. Macho hayaingii, na joto halitoki.

Siku ya tatu majani yakaanza kulegea. Siku ya tano akaona ncha nyeusi upande wa ukuta. Siku ya saba, ncha nyeusi viriba ishirini. Akaongeza maombi? Akaongeza. Akafunga hata kula. Alifunga kila kitu mama yule, ila hakufungua kitu chochote. Siku ya tisa akampigia fundi simu kwa ukali.

"Fundi, njoo uubadilishe mtambo wako. Umeharibika. Haupashi."

"Haupashi nini, mama?"

"Haupashi joto! Pazia limefungwa barabara, na ndani ni kama kaburini. Miche ya watu inakufa!"

Fundi akaja asubuhi yake. Akabonyeza kijani. Mota ikanguruma vizuri, giaboksi ikaitikia, pazia likaanza kutambaa kufungua bila kukwama mahali popote. Likafika nusu. Fundi akamshika mama mkono kwa adabu, akampeleka kwenye pipa.

"Weka kiganja hapo, mama. Pakoje?"

"Baridi."

"Baridi kama nini?"

"Kama pua ya mbwa."

"Pipa hili halijaonja jua siku ngapi?"

Mama akahesabu kwa vidole, vikakaribia kuisha.

"Mama yangu," fundi akasema, "pazia halina moto. Mota haina moto, giaboksi haina moto. Hawa wote ni walinzi. Wewe umemweka mlinzi kwenye ghala tupu, sasa unamgombeza kwa nini hakuna mahindi. Kwani uliogopa nini kulifungua?"

"Macho," mama akasema kwa sauti ndogo. "Hukuona hao watu wa njiani? Kila siku wanasimama kuitazama miche. Fundi, wewe ni kijana, huyajui macho ya watu."

Wakati wanaongea, pazia lilikuwa limeshafika mwisho, jua limejaa ndani, na wanawake wa mashineni walikuwa juu njiani. Safari hii hakuna aliyecheka. Waliona majani yaliyolegea na zile ncha nyeusi. Mmoja akatua debe lake, akateremka mteremko kwa ubavu, akasimama mlangoni pa kitalu.

"Dada, nimesikia. Watu gani hao unaowaogopa? Sisi?"

Mama akajifanya ananyoosha kiriba kilichoinama.

"Miche yangu ni ile ya safu ya mlangoni. Kila asubuhi nasimama pale njiani na mama mkwe wangu, namwonyesha kwa kidole. Miguu yake haiwezi mteremko huu, kwa hiyo anaitazamia pale juu, anafurahi, anasema nitaishi mpaka niyale hayo maparachichi. Siku tisa sasa ananiuliza, miche yetu inaendeleaje? Namwambia, mama, dada yetu anazuia vumbi."

Wapendwa, mmesikia? Miche ilikuwa ya nani? Ya hao waliokuwa wanatazama! Macho aliyoyaogopa yalikuwa macho ya wenye mali. Aliwaficha watu miche yao wenyewe, na katika kuificha akaizuilia jua, na alipoizuilia jua akakosa joto la kuitunza. Kisha akamlaumu fundi.

Mnataka kujua iliishaje. Najua mnataka, nawaona mlivyonyoosha shingo. Viriba thelathini na vitatu vilikufa. Vilivyobaki vilipona, maana kuanzia siku ile pazia lilifunguliwa kila asubuhi na kufungwa saa kumi, mapipa yakashiba jua, na mvua ilipokuja wanawake wakapanda. Walimsema yule mama? Walimsema sana. Mimi mwenyewe nilimsema, na hata sikuwepo. Lakini waligawana hasara, kila mmoja akapunguza kidogo katika miche yake, na mama akaachiwa kitalu chake na swichi zake. Yule mama mkwe naye akateremshwa siku moja akiwa amebebwa kwenye kiti, akaishika miche kwa mkono wake.

Haya. Mmecheka vya kutosha, sasa tujitazame sisi.

Ni nani kati yetu Mungu akimpa jambo jema hakimbilii swichi nyekundu? Mtoto amefaulu, tunasema, ah, amepita kwa bahati. Mume amepona, tunasema, bado anakohoakohoa. Ukikutana na mwenzio anakuuliza habari, uso umekunja kama umetoka msibani, na nyumbani umeacha kuku kwenye sufuria! Kisa? Macho. Tumefunga mchana kutwa. Hakuna aliyeingia kufurahi na sisi, hakuna aliyekaa kwenye kiti chetu akacheka. Miaka inapita hivyo.

Halafu sakitu inashuka. Maana inashuka, ndugu zangu, haichagui paa. Linakuja gonjwa, linakuja pengo katika nyumba. Tunapapasa gizani tunatafuta joto, tunakuta baridi tupu. Hapo ndipo tunampigia Mungu simu kwa ukali: Bwana, mtambo wako haupashi! Mbona kanisa limenyamaza? Mbona majirani hawaji? Jamani, waje na joto gani? Lini uliwaruhusu waliingize?

Sala ni pazia zuri. Imani ni giaboksi imara, ikishashika hairudi nyuma hata upepo uvume. Lakini zinatunza kile kilichopokelewa. Na Mungu anapotuma jua lake, mara nyingi halitumi tupu. Analituma limevaa khanga, lina debe kichwani, linapita njiani na kusema, hee, tazama alivyonona! Sisi tunaliita kijicho.

Sisemi tuache milango wazi siku nzima na usiku kucha. Kufunga kuna wakati wake; saa kumi ipo. Siri ya nyumba ni siri ya nyumba, na mimi wa mwisho kuwafundisha kutunza siri. Lakini asubuhi ni ya kufungua. Na mtoto yule, sauti ile ya kuimba, kazi ile uliyojaliwa, kabla hujaifunika jiulize: hivi ni vyangu kweli, au ni miche ya watu niliyokabidhiwa nikiwa mimi ndiye mwenye mkono wa baraka?

Basi tukitoka hapa tusikimbie majumbani. Tunywe hiyo chai pamoja, na kila mmoja amweleze jirani yake jambo moja jema alilofanyiwa na Mungu juma hili, bila kupunguza chumvi. Jema kweli, si la kuumwaumwa. Na yule atakayeninunia kwa maneno haya, nitamfuata kwake kesho saa nne asubuhi, jua likiwa juu, na nitabisha hodi mpaka afungue.