Uyoga wa Sekela

Hapo zamani, zamani za simu za tochi na redio za betri, chuo kimoja cha nyanda za juu kulikokuwa na baridi kilikuwa na darasa la watu wanaosomea habari. Msicheke. Wenzenu walikuwa wanasoma hasa: redio inasema nini, gazeti linasema nini, na jamii ikishasikia inafanya nini. Mwalimu wao alikuwa Profesa Ngailo, mama mfupi, mkali, asiyerudia swali.

Siku moja Profesa akawaambia, "Nafasi ya kubaki hapa kufundisha ni moja. Nitampa atakayenionyesha nguvu ya chombo cha habari juu ya watu. Atakayenionyesha, sijasema atakayeniambia."

Walioitaka wakawa wengi, walioiweza wakawa watatu.

Wa kwanza Sekela. Huyu alikuwa na kipindi cha mapishi kwenye redio ya chuo, na sauti, jamani, sauti! Akisema chumvi kidogo, mji mzima unatia chumvi kidogo. Wa pili Mbonea, kijana mpole wa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza: mama, unasikiliza nini, na kikiisha unafanya nini? Wa tatu Tunu.

Tunu alikuwa na akili kuwashinda wote wawili, na alikuwa na kijicho. Yeye na Sekela walilala chumba kimoja, wakaenda kujaribiwa sauti pamoja. Sekela akachukuliwa, Tunu akaambiwa yake inakwaruza. Tangu hapo, Sekela akisalimiwa njiani, Tunu anaumia. Sekela akiletewa viazi na wasikilizaji, Tunu halali. Wanasema hasidi hana sababu. Huyu alikuwa nayo, ndiyo maana kijicho chake kilikuwa na bidii. Kila kipindi kikianza, ameganda kwenye redio. Mapishi hasikilizi, anasikiliza kosa.

Basi siku hiyo, masika, mama mmoja muuza sokoni akapiga simu. "Dada Sekela, nimeokota kapu zima la uyoga mweupe, una pete shingoni. Unalika?"

Sekela hakujua. Angesema sijui, angekufa? Akasema kwa ile sauti yake, "Huo ndio mtamu wenyewe, mpenzi. Upike na karanga."

Tunu akaruka kitandani. Kwao walishazika jirani kwa uyoga wa namna hiyo. Na sitawaficha, kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa huruma. Alifurahi! "Leo nimempata," akasema. Akaenda mbio sokoni kuununua, akauweke juu ya meza ya Profesa uwe ushahidi.

Kufika, anakuta wanawake wanagombania kapu. Mmoja ana mtoto mgongoni. Furaha ikamkauka hapohapo. Akapaza sauti, "Mama zangu, msinunue! Ni sumu!"

"Wewe nani?" wakamjibu. "Dada Sekela kasema ni mtamu."

"Sekela kakosea!"

"Mwenye wivu ajinyonge," akasema muuzaji, na soko zima likacheka.

Mbonea alikuwa palepale, anamuuliza kila mnunuzi nani kamwambia anunue, na kila mmoja anajibu: Sekela. Uso unamng'aa. Tunu akamshika mkono. "Mbonea, nisaidie. Watu watakufa."

"Subiri kwanza, usiniharibie utafiti," akasema Mbonea. "Na wewe tunakujua, wewe na Sekela wako."

Tunu akanyakua uyoga mmoja kapuni, akakimbia hadi studio, akaingia bila hodi. Mapishi yalikuwa yameisha, Sekela anasoma salamu. Akazima kipaza sauti. "Umekuja kuniaibisha hadi humu?"

"Hilo ndilo nililolitaka," Tunu akasema, na akapiga magoti. "Lakini mimi hawanisikii. Wanakusikia wewe. Nakuomba." Lo! Kumpigia magoti unayemwonea kijicho! Kitu hicho kisikieni tu kwa wengine.

Sekela akautazama ule uyoga mkononi mwa Tunu. Angeweza kumsingizia mama aliyepiga simu. Badala yake akawasha kipaza sauti: "Wapendwa, mimi Sekela nimekosea. Sikujua, nikajifanya najua. Uyoga ule ni sumu. Umwageni." Na mji ukamwaga.

Redio ya muuza nyanya ikamfikishia Mbonea maneno hayo, na yeye akakumbuka Bondeni. Watu wa Bondeni huwasha redio kwa ajili ya mapishi tu, kisha huizima kuokoa betri. Kosa wamelisikia, masahihisho hawatayasikia, na uyoga ule umejaa mashambani kwao. Akatupa karatasi zake, akateremka mlima mbio, akigonga mlango kwa mlango. Nyumba ya mwisho alimkuta Mzee Kilumile ameshamega tonge. Akalipiga likaanguka. Mzee alimtandika kofi kwanza, shukrani zikaja baadaye.

Hakufa mtu.

Kesho yake wakasimama mbele ya Profesa, na hakuna aliyemtazama mwenzake kwa jicho zuri.

"Tunu alipiga kelele akazomewa," akasema Sekela. "Mimi nilisema neno, vyungu vikamwagwa. Ulitaka nguvu ya redio, Profesa, ndiyo hiyo. Na jina langu nimelivunja kwa mdomo wangu."

"Na nani aliwaambia wapike?" Tunu akadakia. "Darasa zima lilisikia kipindi kile, likameza mate. Kama si mimi, leo tungekuwa matangani."

"Bondeni mliwafikia kwa lipi?" akauliza Mbonea. "Nyinyi mlikuwa mnatazamana wawili. Mimi nilikuwa nawajua watu."

"Uliwajua, na sokoni ukanyamaza!" wakamrukia wote wawili, na hiyo ndiyo mara pekee walipokubaliana.

Profesa akamgeukia Tunu. "Ulikuwa unamsikiliza Sekela kila siku ili ujifunze?"

"Hapana, Profesa. Ili aanguke."

"Na nikimpa yeye nafasi?"

Tunu akaanza kulia. "Nitaendelea kumsikiliza. Siwezi kuacha."

Sasa msinitazame mimi, sikuwa Profesa. Nafasi ni moja, haigawanyiki kama mkate, na atakayeipata ndiye atakayewafundisha watoto wenu sauti ya kuamini na ya kutilia shaka. Haya, semeni: nani alistahili?