Chungu cha Mazal, Moto wa Zuwena

Wajukuu, nikisema "Kale na kale," itikieni "Tupo nawe!"

Kale na kale, Zuwena Mwarabu na Mazal Myahudi walichota maji kisima kimoja uani, wala hawakusalimiana. Kila mmoja aliwaonya wanawe, "Chakula cha wale kina uchawi."

Jumamosi moja ya Ramadhani, zimwi likaketi juu ya kisima. "Sibanduki mpaka nile mchuzi wa moto, chumvi sawasawa!"

Zuwena akapika. Kwa kuwa amefunga, hakuonja. Zimwi likatema, "Ptuu! Bahari hii!"

Mazal akaleta chungu alichopika Ijumaa, maana Jumamosi dini yake haimruhusu kuwasha moto. Zimwi likatema, "Ptuu! Baridi kama chura!"

Watoto wakalia kiu. Mazal akanong'ona, "Jirani, wewe moto unao."

"Na wewe chumvi unayo. Lete hicho chungu, mwanamke!"

Zuwena akakipasha. Zimwi likala nusu, likacheka, likayeyuka likawa maji, kisima kikafurika.

Jua likatua. Saumu ikaisha, Sabato nayo ikaisha. Zuwena akafuturu kwa chungu kile kile.

"Kina uchawi?" akauliza Mazal.

"Kinao," akasema Zuwena. "Hebu niongezee."

Mimi nililamba mwiko tu, nikaja kuwaambia.