Kisima cha Ukuta Uliozikwa

Sogeeni karibu. Na yule anayependa kujibu kabla hajaulizwa, namwomba aubane ulimi kidogo, maana hadithi hii ina mahali pake pa kujibu.

Palikuwa na mama mmoja huko Usukumani, mjane, jina lake Nyanzala. Kijiji chao kilizungukwa na majabali ya kijivu makubwa kuliko nyumba. Kwake walikaa watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Mwanawe wa kiume, Ndaki, alikuwa na jicho. Sisemi jicho la kuona mbali, hilo hata mwewe analo. Ndaki aliona vitu vinavyofanana hata vikiwa vimetengana. Akikutana na mtoto mgeni mnadani, atakwambia shangazi wa mtoto huyo anaishi wapi, na hakosei.

Binti yake, Mbuke, alikuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Alipokuwa mdogo aliwauliza wageni mpaka wakaaga mapema, na alipokua hakuacha, ila alijifunza kujiuliza mwenyewe kimyakimya.

Wa tatu alikuwa Holo, mkwewe, mke wa marehemu mwanawe mkubwa. Holo alikuwa na mkono. Kwao walikuwa wapasuaji wa mawe ya kusagia, na yeye alijua jiwe litafunguka wapi kabla hajalipiga.

Nyanzala mwenyewe ndiye aliyeshika kata ya kuchotea maji ya kisima cha kijiji, na hapa nisikilizeni vizuri. Katika kijiji hicho, kisima kipya hakinywewi mpaka kipewe jina la mtu mmoja, yule aliyeyapata maji. Mtu huyo hukabidhiwa kata, anakunywa wa kwanza, ndipo wengine wanateka. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye neno kisimani. Kiangazi kikikaza, yeye ndiye anayesema nani ateke na ng'ombe wa nani wasubiri. Majina mawili hayaruhusiwi. Waliwahi kujaribu, na wale wenye majina waligombana mpaka kila mmoja akawa anatupa mawe kisimani ili mwenzake asinywe. Kisima hicho leo ni rundo la mawe, mbuzi wanapanda juu yake.

Basi mwaka mmoja mvua iligoma, na kisima cha Nyanzala kikakauka. Kilianza kutoa tope, kikatoa harufu ya tope, halafu hata harufu ikaisha. Wanawake wakawa wanakwenda mbali kutafuta maji na kurudi na ndoo nusu. Watu wakaanza kuzungumzia kuhama, kwa sauti ya chini kwanza, kisha waziwazi. Nyanzala aliona aibu kubwa kukaa na kata mkononi wakati hakuna cha kuchota. Akasimama mbele ya watu wote akatamka kwamba atakayewapatia maji, kata ni yake na kisima kitaitwa kwa jina lake. Neno hilo ndilo lililomponza baadaye.

Ndaki ndiye aliyeanza. Alikuwa anatafuta ndama aliyepotea juu ya kilima cha mashariki, akaona mstari wa jiwe jeusi umepita katikati ya jiwe la kijivu, mwembamba kama njia ya ng'ombe, umenyooka. Si kwamba alikuwa wa kwanza kuuona. Watu waliupita miaka yote, na wengine waliukalia wakila miwa. Lakini ndama alipoonekana kwenye kilima cha magharibi na Ndaki akamfuata huko, alikuta mstari mwingine mweusi, upana uleule, umeelekea kulekule ulikotoka ule wa kwanza. Katikati ya vilima viwili palikuwa na mashamba tu. Ndaki akamsahau ndama.

Alirudi akamwambia mama yake kwamba ile mistari miwili ni kitu kimoja, kinapita chini ya mashamba. Ni ukuta, akasema, ila umezikwa. Nyanzala akamuuliza ukuta huo nani aliujenga.

Ndaki alimjibu kwa kifupi, lakini mimi nina nafasi, ngoja niwaeleze. Zamani, kabla hajawapo mtu wa kuiita zamani, chini kabisa ya ardhi mawe yaliyeyuka kwa joto yakawa kama uji. Uji huo ulipanda, lakini si wote uliofika juu. Sehemu kubwa ilikwama njiani, ikapoa humo humo chini, polepole, ikawa lile jiwe la kijivu. Kwa kuwa lilipoa bila haraka, chembe zake zilipata muda wa kukua, ndiyo maana ukilitazama unaziona kwa macho, nyeupe, nyeusi na zile zinazong'aa. Baada ya muda mrefu jiwe la kijivu likapasuka ufa, na uji mwingine, mweusi, ukapanda ndani ya ufa huo. Humo palikuwa pembamba, ukapoa upesi, na chembe zake zikabaki ndogo hata huzioni. Mnajua wenyewe, uji wa sufuriani unakaa na moto, ule uliomwagika kwenye sinia unaganda ukiwa bado unatafuta kijiko. Kisha mvua za miaka isiyo na idadi zikaondoa udongo wa juu, vilima vikabaki wazi, na mabondeni ukuta ukabaki umefunikwa.

"Mama," Ndaki akasema, "maji yakitembea chini kwa chini yakaukuta ukuta huo, yatakwenda wapi?"

Ndaki akachukua jembe, akaita wanaume wakachimba.

Sasa, watu wa pale tangu babu na babu huchimba kisima mahali pa chini kuliko pote, kwa sababu maji huteremka, hilo nani asiyelijua? Wakapima kwa macho, wakachimba upande wa chini wa ukuta. Walichimba mpaka kichwa cha Ndaki hakionekani tena, wakatoa vumbi, chini yake vumbi kavu zaidi. Wenye kejeli wakaliita shimo lile kaburi la Ndaki, na yeye akawa anakula bila kuinua macho.

Ndipo Mbuke akaenda kukaa pale shambani na maswali yake. Kwa nini vichaka vya upande wa juu bado vina majani, na vya upande wa chini vimekauka kama fagio? Kwa nini mbuzi, jua linapochoma, wanakwenda kulala upande wa juu wakati hakuna hata kivuli? Akalala kifudifudi, akaweka shavu chini upande huu, kisha upande ule. Upande wa juu ardhi ilikuwa ya baridi. Waliomwona walidhani kiu imempanda kichwani.

Nyumbani alichukua kigae, akakisimamisha kwenye udongo wenye mteremko, akamwaga nyuma yake maji machafu ya kunawia. Mbele ya kigae pakabaki pakavu. Nyuma yake maji yakatuama. Akamwita kaka yake akamwonyesha.

"Ukuta wako ni wa kweli," akamwambia, "ila wewe umesimama nje ya nyumba. Maji yako ndani."

Ndaki alibeba jembe lake, akawaita tena wanaume, wakahamia upande wa juu. Huko udongo ulitoka ukiwa na unyevu, watu wakaanza kuimba. Lakini kabla wimbo haujakolea, jembe likalia juu ya jabali la kijivu, pana, limelala chini ya shimo kama kifuniko. Nyundo zikaruka, mipini ikavunjika. Wanaume wakapanda juu wakakaa ukingoni, mikono magotini.

Holo akajifunga kanga kiunoni, akateremka. Hakupiga. Alishika kokoto akagonga jabali taratibu huku na huku, sikio limelazwa juu ya jiwe, mpaka akafika mahali akatabasamu. Akaagiza kuni za mgunga, akawasha moto pale pale, akauchochea kutwa nzima mpaka hewa ya shimoni ikawa haivutiki. Alipoondoa makaa aliomba maji ya kumwagia jiwe lingali moto. Maji yaliyobaki nyumbani yalikuwa mtungi mmoja.

Nyanzala alikwenda kuuleta mwenyewe. Lakini alipofika shimoni alishindwa kuuachia, akaukumbatia.

"Holo, haya yakipotea, kesho tunahama."

"Mama, haya yakibaki, tutahama vilevile. Tofauti ni kwamba tutakuwa tumekunywa."

Nyanzala akaachia. Maji yakamwagwa, jiwe likalia kwa sauti iliyowafanya wazee wainuke, na ufa ukakimbia toka upande hadi upande. Holo akaingiza tindo, akabandua vipande. Ufa ulikuwa umeelekea kwenye ukuta mweusi, na wanaume juu wakamhimiza aendelee, amalize kabisa. Alikataa. Aliwaambia ukuta huo ukitobolewa, maji yote yatakwenda kulijaza lile shimo la vumbi kisha yapotee bondeni. Akaweka tindo chini, akapanda. Kulipokucha, shimo lilikuwa na maji ya magotini, safi, yanaonyesha jiwe jeusi upande mmoja na jiwe la kijivu upande wa pili.

Kijiji kizima kikafika na madumu, ndoo na mitungi. Ng'ombe walinusa maji, wakawa wanashikwa kwa nguvu. Hakuna aliyeteka. Wote walimtazama Nyanzala na ile kata mkononi mwake.

Ndaki alisema, "Mama, kabla yangu hapa palikuwa shamba la watu. Mbuke angelaza shavu nchi nzima na asingejua atafute nini."

Mbuke akasema, "Na kabla yangu palikuwa na kaburi lako, kaka. Ungeendelea kuchimba ungetoka upande wa pili wa dunia na vumbi mkononi."

Holo alikuwa bado ana majivu usoni. "Mimi sina ukuta, wala sina swali," akasema. "Nilichokuta ni watu wamekaa ukingoni na maji yako chini ya jiwe."

Minong'ono ikaanza nyuma. Ndaki ndiye mwana wa kiume, apewe. Mbuke ataolewa, jina la kisima litahamia ukoo mwingine. Holo ni mjane, ndugu zake wanamtaka arudi kwao, apewe kata ili abaki. Nyanzala aliyasikia yote na kuyakataa moyoni, kwa sababu hakuahidi kumpa kata atakayebaki. Aliahidi kumpa aliyeyapata maji. Na ninyi mnaonong'ona hapa kwamba mama ndiye aliyetoa mtungi wa mwisho, hata yeye alilifikiria hilo kidogo, kisha akaona aibu.

Aliogopa. Aliwajua watu wake. Watatu hawa walikuwa na kiburi cha aina moja, na wawili watakaonyimwa hawatagomba wala kulia. Watafunga mizigo yao kwa adabu na kumuaga, naye atabaki na maji tele na nyumba tupu.

Mtoto mmoja akaanza kulilia maji, mama yake akamziba mdomo. Nyanzala akashuka, akachota, akapanda na kata imejaa. Watatu wake walisimama mbele yake bega kwa bega, midomo imekauka, na hakuna aliyemtazama yeye. Wote walikuwa wanaangalia maji.

Akanyoosha mkono.

Haya, ndugu zangu, yule niliyemwomba aubane ulimi, sasa aufungue. Watu wana kiu, kata ni moja, jina ni moja. Ungekuwa wewe ndiye Nyanzala, na hao watatu wote ni wako, ungempa nani anywe?