Kwa Nini Anayeanguka Huupiga Mkeka

Sogeeni karibu, na mwenye moyo mwepesi akae katikati ya wenzake, maana habari hii ina baridi yake.

Zamani, kabla sanaa hii ya kupambana kwa kushikana na kurushana haijaitwa aikido, wanafunzi wake huko Japani walikuwa wakianguka kimya. Mtu alikamatwa kifundo cha mkono, akazungushwa, akarushwa, akatua mkekani bila kusikika, kama paka ashukavyo dirishani. Huo ndio uliokuwa ufundi wenyewe. Aliyetua kwa kishindo alichekwa, kisha akapewa ufagio akafagie baraza huku wenzake wakiendelea.

Na hapakuwa na dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, iliyojivunia ukimya kuliko ile ya Mwalimu Genzaburo, iliyojengwa mlimani palipoanzia msitu wa mierezi. Watu wa bondeni walitania kwamba mzee yule anafundisha vivuli. Utani huo ulimfika masikioni, wala haukumuudhi. Ulimpendeza kupita kiasi.

Genzaburo alikuwa na binti mmoja, Shige, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wake wa miaka mingi. Mkekani alimwita Mwalimu, jikoni alimwita Baba, na hakuwahi kuchanganya. Shige alikuwa ameolewa na Yasuke, mchonga mabakuli ya mbao, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kupasua paa, ambaye hata supu aliinywa kwa kelele. Kila mtu alijiuliza mtu kama huyo anatafuta nini katika mazoezi ya Genzaburo. Shige hakujiuliza. Alimpenda kwa kelele zake hizo hizo, maana alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo hata mlango ulifundishwa kunyamaza.

Pale palikuwa na desturi moja ambayo hata leo ipo: mtu akikuinamia mkekani akiomba mfanye mazoezi, humkatai, na humuulizi jina wala kwao. Unainama nawe, mnaanza.

Basi msimu mmoja wa baridi ukungu uliteremka kutoka msituni ukagoma kuondoka. Asubuhi moja wanafunzi walipopiga magoti mstarini, mwishoni kabisa, mahali pa wageni, alikuwepo mtu mwingine. Alivaa nguo nyeupe za mazoezi kama wenzake. Uso wake haukuwa na kasoro, ila uliusahau mara tu ulipogeuka. Shige ndiye aliyekuwa na kazi ya kupanga ndara za watu mlangoni, na alipotoka kuzipanga, hapakuwa na za mgeni. Alijiambia labda amekuja peku. Kwenye theluji? Akaliacha jambo hilo hapo.

Mgeni alipoanguka, wote walisimama kutazama. Hakuna aliyemwona akitua; alikuwa juu, kisha alikuwa chini. Hata majani ya mkeka hayakulalamika. Mwalimu Genzaburo, ambaye kumsifu mtu kulimuuma kama jino bovu, alisema mbele ya wote, "Mtazameni huyu. Hivi ndivyo."

Laiti angenyamaza! Kuanzia hapo kila mmoja alitamani kufanana na mgeni, na aliyetamani zaidi ni Yasuke, maana ndiye aliyekuwa akifagia baraza kuliko wote. Akamwinamia mgeni, mgeni akamwinamia, na tangu asubuhi hiyo hawakuachana.

Yasuke aliendelea haraka ajabu. Akaanza kutua kwa ulaini, kisha kimya, kisha kimya cha kutisha. Wenzake walimpongeza Shige: "Mumeo amefika." Shige alitabasamu, lakini moyo wake haukutulia, kwa sababu ukimya ulikuwa umemfuata mumewe hadi nyumbani. Yasuke aliweka bakuli chini, bakuli lisigonge. Alitembea juu ya mbao za sakafu ambazo zililia hata zikikanyagwa na kuku, nazo hazikulia. Alipogonga patasi kwa nyundo, ubao ulipasuka kimya. Hata supu aliinywa bila sauti, na Shige alipoona hivyo alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Siku moja Yasuke alimwambia jambo wakila. Shige aliona midomo ikicheza, asisikie kitu. Akamshika mkono, nao ulikuwa baridi na mwepesi, kama mkono wa nguo iliyoanikwa. Mumewe alipotoka kwenda mazoezini, Shige alichungulia nje. Theluji ilikuwa nzima, haina hata unyayo mmoja.

Alimfuata mzee jikoni. "Baba, yule si mtu. Anamchukua mume wangu."

"Mwanafunzi akifika mbali, wa nyumbani mwake huogopa," alisema Genzaburo. "Usimvute mwenzio nyuma, mwanangu."

"Amefika wapi, Baba? Hata kikohozi hana!"

Mzee hakuambilika. Lakini asubuhi iliyofuata alimwita Yasuke mbele ili amrushe mwenyewe, aone. Alimshika, akamzungusha, akamrusha, kisha akabaki anaitazama mikono yake. Hakuwa amehisi uzito wowote. Ilimbidi ageuke amtafute mkekani, na alipomwona, hakuwa na hakika kwamba hapo ndipo alipomwangusha. Kule mwishoni mwa mstari mgeni aliinua uso akamtazama mwalimu, na safari hii Genzaburo aliukumbuka uso ule.

Alimvuta Shige kando. Alipokuwa kijana, alisema, mwanafunzi mwenzao mmoja wa dojo hiyo hiyo aliyeitwa Isokichi alikuwa akienda msituni peke yake kujifunza kuanguka kwenye theluji. Siku moja hakurudi. Walimtafuta kutwa nzima wakimwita. Alikutwa theluji ilipoyeyuka, mguu umevunjika, kando ya njia ile ile waliyopita. "Alikuwa amefundishwa asitoe sauti hata akiumia," alisema Genzaburo. "Tulipita karibu naye, Shige. Tulipita karibu sana."

Papo hapo mgeni alisimama. Yasuke naye akasimama. Mgeni alimshika mkono wa nguo, kama unavyomshika mwenzio mnapotaka kwenda mahali, wakaelekea mlangoni, na nje ya mlango hapakuonekana kitu ila ukungu. Wanafunzi walijisogeza kuwapisha. Walishikwa na butwaa, maana desturi haikumruhusu mtu kuwatenganisha wawili walioinamiana.

Shige alipiga moyo konde. Alikimbia akapita mbele yao, akapiga magoti mlangoni, akamwinamia mgeni mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Naomba tufanye mazoezi," alisema. Na mgeni, kwa kuwa alikuwa bado mwanafunzi wa dojo ile, hakuweza kukataa.

Mkono wake ulikuwa barafu. Ulipomshika, Shige alisikia dunia ikizimika: upepo ukaacha kuvuma, pumzi yake mwenyewe ikapotea masikioni, kisha na mapigo ya moyo. Akarushwa. Alipokuwa hewani alijua kwamba akitua kimya kama alivyofundishwa, hatasikika tena kamwe, na Yasuke atakuwa amekwenda. Hofu ikaushinda ufundi. Akanyoosha mkono, akaupiga mkeka kwa kiganja kwa nguvu zake zote.

Pa!

Vumbi likadondoka kutoka darini. Ilikuwa aibu kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea mle. Mgeni akasimama wima, akageuza kichwa upande, kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka mbali. Shige akainuka, akarushwa tena, akapiga tena. Hapo Genzaburo akaelewa. Mzee yule, ambaye hakuwahi kutoa kishindo tangu ujana wake, alijitupa chini mbele ya wanafunzi wake, akaupiga mkeka kama anayeua nyoka. Wanafunzi wakafuata, wengine wakilia kwa woga, mpaka ukumbi mzima ukanguruma.

"Yasuke!" Shige alipiga kelele. "Anguka! Piga!"

Yasuke akajiachia, akashuka taratibu kama unyoya, akapiga. Hapakuwa na sauti. Akapiga, akapiga, machozi yakimtoka, na mkeka haukumjibu. Shige akauweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, wakapiga pamoja, mpaka chini ya kiganja chake kikasikika kishindo ambacho hakikuwa chake yeye. Kilikuwa kidogo, kama cha nguo mbichi iliyodondoka. Kisha Yasuke akakohoa, na katika maisha yake yote Shige hakuwahi kusikia kitu kilichompendeza kama kikohozi kile.

Mgeni alikuwa ameuachia mkono wa nguo. Alisimama mlangoni akisikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye kiu anayewatazama wengine wakinywa. Shige, pamoja na woga wake wote, alimwonea huruma. Genzaburo alimwendea kwa magoti, akainama. "Isokichi," alisema, "hatukukusikia. Utusamehe."

Mgeni naye akapiga magoti, akanyoosha mkono, akaupiga mkeka. Wote waliokuwepo waliona kiganja kikitua. Hakuna aliyesikia kitu. Alipiga tena na tena, akiwatazama mmoja mmoja, akingoja, mpaka ukungu ukaingia mlangoni ukamfunika. Ulipotoka, pale alipokuwa palibaki unyevu tu.

Na tangu siku hiyo, anayerushwa katika aikido huupiga mkeka kwa kiganja atuapo. Watu wakiuliza sababu, huambiwa kwamba ni kwa ajili ya kupunguza maumivu ya kuanguka, nao huridhika, maana huo si uongo. Lakini wapo walimu wa kale ambao, ukumbi ukiwa umejaa na watu wakianguka kila upande, hufumba macho wakasikiliza. Akitua mtu bila sauti, hakuna anayemsifu. Mazoezi husimama papo hapo, na mwalimu huuliza, "Upo?" Nao wote hungoja jibu bila kugeuka kutazama.