Ukoko wa Sukari Guru

Hii nimetumiwa na shangazi yangu, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome hadi mwisho, halafu mtumie unayempenda.

Mzee Shekivuli alikuwa mpika sukari guru. Kila alipopakua, mkewe Chausiku alikwangua ukoko wa sufuria akamtilia kipande mdomoni. Chausiku alipofariki, mzee akawa kutwa anaweka kipande shavuni, anafumba macho na kukiacha kiyeyuke taratibu. Jamani, alimkumbuka mkewe hadi ungemwonea huruma!

Mwaka haukuisha, meno yakaanza kutoboka na shavu likavimba. Binti yake Mwantumu akampeleka kwa daktari wa meno, mzee akibisha njia nzima.

"Ni mdudu tu kaingia jinoni," alisema mzee. "Nifukizeni atoke."

"Hakuna mdudu wa kufukiza, mzee wangu," daktari akajibu. "Kinywani mna bakteria, hawaonekani kwa macho. Sukari ndiyo chakula chao. Wakishakula wanatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa jino. Wewe unawalisha kutwa! Mawili nitayang'oa. Mengine tutayaokoa, ila uache kukaa na sukari shavuni."

Mzee akasimama. "Basi ng'oa yote! Chausiku wangu nimebaki naye hapa mdomoni tu. Nikiacha, nitampata wapi tena?"

Mwantumu akaanza kulia.

"Baba, mbona mama unamkumbuka nusu? Alikupa kipande kimoja tu, tena baada ya chakula. Halafu alikusimamia na kopo la maji na mswaki mpaka umalize. Umesahau? Ulikuwa unamnunia, unamwita askari!"

Machozi yakamtoka mzee. "Kweli, mwanangu. Miaka arobaini nilimwita askari."

Siku hizi anakula kipande kimoja baada ya chakula, kisha anapiga mswaki. Anasema sukari humkumbusha mkono wa Chausiku tu, lakini mswaki ukifika kwenye magego ndipo anapomsikia waziwazi: "Mpaka nyuma, mume wangu. Usinidanganye."

Funzo: Aliyekupenda kweli hakukupa matamu peke yake. Ukimkumbuka, kumbuka na yale uliyomnunia.