Hodi ya Semeni

Mwanamke mmoja alikuwa na sauti ndogo. Jumamosi ya mwisho ya Machi, saa kumi na moja na robo jioni, alipanda jukwaani kuimba roki, na watu wakamcheka kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. "Dada, tukuletee uji?" Jina lake lilikuwa Semeni. Akarudi nyuma ya jukwaa, akakuta sufuria ya mama lishe, akajipaka masizi uso mzima, akatoka tena akijiita Radi. Radi alinguruma. Waliokuwa wakicheka wakasimama.

Mwanzoni Radi aliishia jukwaani. Semeni alinawa, akaenda kwa mama yake, akapiga hodi kwa sauti yake ndogo, na mama akaitikia kutoka jikoni bila kuuliza ni nani: "Karibu, Semeni." Lakini mwenye nyumba alipomfokea, aliyejibu ni Radi. Mchumba alipomwacha, Radi hakulia. Kila palipomtisha alimtuma Radi, na palipomtisha palikuwa pengi. Radi akavuma nchi nzima, na miaka ikapita bila Semeni kwenda nyumbani, maana kule Radi hakuwa na kazi.

Kisha akasikia kwamba mtoto wa jicho amempofusha mama yake. Akanawa masizi yote, hata ya nyuma ya masikio, akaenda, akapiga hodi.

"Karibu, mgeni," mama akaitikia.

"Ni mimi, mama. Semeni."

Mama akacheka, bila ubaya. "Tangu awe maarufu, wasichana wengi huja hapa kujifanya yeye, mwanangu, wakitaka kuona chumba chake. Wenzako angalau huiga sauti. Wewe hata hujajaribu."

Semeni akaitafuta kooni ile sauti ndogo, asiipate. Akala chakula cha mgeni, akatandikiwa kitanda cha mgeni. Kabla ya kulala mama alisali kwa sauti, akimwomba Mungu amrudishe Semeni salama. Mgeni akaitikia amina.

Asubuhi aliamka mapema, akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake. Akapiga hodi upya, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusema.

"Pita tu, mgeni," mama akaitikia kutoka jikoni. "Mlango uko wazi."

Niambieni ninyi mnaosikiliza: Semeni alifungiwa nje saa ngapi?